Barua ya wazi kutoka Kigoma: "Google ipo" si jibu la ombi

Mwanga,
Kigoma.

Kwa Mkuu wa ofisi inayopokea maombi ya wabunifu wa TEHAMA.
(Ofisi siitaji jina. Aliyepokea barua zangu tatu anajijua.)

YAH: MANENO MATATU YALIYOANDIKWA PEMBENI MWA OMBI LETU

Ndugu Mkuu,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama tu rika moja, habari za kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sikupenda barua hii isomwe na watu wengine kabla yako. Ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma kwa barua pepe. Ya tatu niliifuata mwenyewe: treni kutoka Kigoma, Tabora usiku wa manane, Dodoma nikashuka miguu imevimba, kisha benchi la mapokezi mpaka saa tisa alasiri. Nikaambiwa faili liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko safarini. Mwezi uliofuata ombi letu likarudi bila hata kibarua cha kulisindikiza. Kilichokuwepo ni wino mwekundu pembeni mwa ukurasa wa kwanza: "Google ipo. Manufaa?"

Tuko vijana watatu. Tunatengeneza mtambo wa kutafutia habari kwa Kiswahili, na tumeanzia na habari za mkoa huu: mwaloni (zinakotia nanga mitumbwi ya wavuvi) kuna nini, miche ya michikichi inapatikana wapi, meli na treni zinaondoka lini, halmashauri imetangaza nini. Seva tunakodi. Chumba tumeazimwa, kiko nyuma ya duka la simu, na mchana feni ya fundi ikizimwa hatukai. Hatukuomba mabilioni. Tuliomba vitu vichache ambavyo nitavirudia chini, pamoja na vingine vilivyozaliwa na ule wino mwekundu. Kwanza niujibu wino wenyewe, maana swali lake ni la haki hata kama njia ya kuliuliza haikuwa.

1. Kwamba Google ipo

Ipo, nani anabisha? Tarehe 5 Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho jijini Washington aliamua kwamba Google ni mhodhi wa soko la utafutaji, na kwamba imeulinda uhodhi huo kinyume cha sheria ya Marekani. Jaji hakusema mtambo wao ni mbovu. Alikiri kwamba ni bora. Ila ndani ya hukumu mna hesabu ambazo mchuuzi wa mwalo wetu wa Kibirizi angezielewa upesi kuliko wasomi. Mwaka 2021 kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili mtu akifungua simu au kivinjari, aikute imeshakaa hapo inamsubiri. Mwaka 2022 Apple peke yake ililipwa karibu dola bilioni 20.

Chukulia kuna tajiri mmoja wa dagaa anayewalipa makondakta wote wa daladala za Kibirizi wawashushe abiria mlangoni kwake. Dagaa wake ni wazuri kweli, hawana mchanga. Na wewe abiria hujakatazwa kwenda duka jingine. Utatembea tu, juani, na kikapu kichwani, kutafuta duka ambalo hujawahi kulisikia. Mwisho wa mwaka tajiri anasema: mnaona, watu wananipenda mimi.

Kuna jambo jingine linaloumiza zaidi. Mtambo wa kutafutia hujifunza kwa watumiaji wake. Mtu akiandika swali, akabonyeza jibu la tatu akaliacha la kwanza, ameufundisha mtambo kitu. Hukumu ile ilionyesha kuwa Google hupokea maswali mara 9 ya wapinzani wake wote wakijumlishwa, na kwenye simu ni mara 19. Huku kwetu intaneti ni simu, kompyuta utaikuta stesheneri. Kwa hiyo anayeanza leo hapati wateja kwa sababu hajafundishwa, na hafundishwi kwa sababu hana wateja.

Septemba 2, 2025 jaji huyohuyo alitoa amri za kurekebisha hali. Hakuwalazimisha kuuza kivinjari cha Chrome, wala hakuzuia malipo yote. Alipiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine nje, na akaamuru baadhi ya data wapewe washindani wanaostahili. Wengi waliona adhabu ni nyepesi, na mimi ni mmojawao. Lakini hata katika nchi ilikozaliwa kampuni hiyo, kuwepo kwake hakukutosha kufunga mjadala. Kwenye ofisi yenu kumetosha kufunga faili.

2. Kwamba waliojaribu wameanguka

Nawataja mimi kabla hamjanitajia. Cuil ilizinduliwa Julai 2008 kwa kishindo, ikitamba kwamba imekusanya kurasa bilioni 120. Septemba 2010 ikazimwa. Neeva ilianzishwa 2019, na mmoja wa waasisi wake, Sridhar Ramaswamy, aliwahi kuisimamia idara ya matangazo ya Google yenyewe, kwa hiyo huwezi kusema hakuijua nyumba. Walikuwa na fedha, walikuwa na wahandisi. Mwaka 2023 wakaufunga mtambo wao kwa watumiaji wa kawaida. Walichokieleza wakati wa kufunga nakikumbuka kila nikikata tamaa: kuujenga mtambo waliweza, kilichowashinda ni kumfanya mtu wa kawaida abadili alichokikuta kwenye simu.

Na yupo mke na mume wa Uingereza, Shivaun na Adam Raff, wenye tovuti ya kulinganisha bei iliyoitwa Foundem. Ilifunguliwa 2006, na karibu papo hapo ikazama kwenye matokeo ya Google. Walilalamika mbele ya Kamisheni ya Ulaya 2009. Mwaka 2017 Google ikatozwa faini ya euro bilioni 2.42, rufaa zikaenda zikirudi, mahakama ya juu ya Ulaya ikaihitimisha Septemba 2024. Tovuti ya wale wawili ilikuwa imeshafungwa tangu 2016. Walishinda kesi duka likiwa halipo.

Sasa ukiishia hapo utasema mwenye wino mwekundu ana haki. Lakini nenda Jamhuri ya Czech, ambako Seznam imekuwepo tangu 1996 na bado ina watu wake. Nenda Korea Kusini kwa Naver, iliyoanza 1999. Hao Wakorea ndio walionifanya nisilale. Walikuta kurasa za Kikorea mtandaoni ni chache, hakuna cha kutafuta. Badala ya kulia, mwaka 2002 wakafungua sehemu ya watu kuulizana na kujibiana, na majibu yale yakawa ndiyo ghala lao. Yaani hawakungoja maandishi yapatikane, waliyakusanya kutoka vinywani mwa watu. Naver haikushindana na Google duniani. Ilishika Korea.

Na sisi hatujasema tutaishinda Google duniani. Sijui nani aliwaambia hivyo. Nadhani ni fomu yenu, nitaifikia.

3. Kuhusu "manufaa"

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Katika wiki za mwanzo tulikuwa Kibirizi tukiandika bei. Mama mmoja mwanika dagaa, vichanja vyake vitupu vimeegeshwa ukutani, akaninyooshea simu: "Hebu mwanangu, niangalizie ziwa linafunguliwa lini."

Nikaandika maneno yake kama yalivyo. Simu ikaleta hifadhi ya taifa, ikaleta hoteli ya ufukweni, ikaleta ukurasa wa Kiingereza wa leseni za kuvua kwenye maziwa ya ughaibuni. Jibu halikuwemo. Ukurasa wa pili hakuna anayeufungua kwa bando la mia tano. Mama akaichukua simu yake, akaifuta kwa khanga, akasema: "Basi, nitamuuliza mwenyekiti."

Jibu sisi tulikuwa nalo, wala si kwa ujanja wowote. Tangazo lilikuwa likizunguka WhatsApp kama picha ya karatasi: imepigwa kwa simu, imepinda, kivuli cha kichwa cha mpigaji kimelala katikati, na muhuri umegongwa juu kabisa ya tarehe ya kufungua. Mwenzangu alikaa nalo usiku akalichapa upya, neno kwa neno, kisha akapiga simu mbili kuhakikisha tarakimu zilizozama chini ya wino.

Hata hivyo mtambo wetu nao, kwa jinsi ulivyokuwa wakati ule, usingemfikisha mama kwenye jibu. Hapa ndipo penye kazi, Ndugu Mkuu, naomba usiruke. Tangazo lilizungumzia kusitishwa kwa shughuli za uvuvi. Mama alizungumzia ziwa kufunguliwa. Ukiacha jina la ziwa lenyewe, hakuna neno la huku linalokutana na neno la kule. Mama anauliza kwa lugha ya mwaloni, ofisi inajibu kwa lugha ya faili, na aliye katikati lazima awe mtu anayezijua zote mbili.

Ongeza na Kiswahili chenyewe. Kuvua, mvuvi, uvuvi, waliovua, wasivue, huvuliwa: sisi tunasikia shina moja, ila mtambo ambao haujafundishwa vizuri unaona maneno sita yasiyojuana. Halafu umwelekeze kwamba kuna kuvua shati. Paa ni la nyumba, paa ni mnyama, ndege hupaa, na samaki hupaliwa magamba kwa kitenzi kilekile. Mvuvi wa karabai akiuliza giza linaanza lini hataki saa ya jua kuzama. Anataka siku ambazo mwezi hautakuwepo, kwa kuwa dagaa huifuata taa pale anga linapokuwa jeusi. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hubaki nchi kavu na watu wakashona nyavu.

Tuna kauntabuku mbili zilizojaa mambo haya. Upande wa kushoto anavyosema mtu, upande wa kulia inavyoandikwa ofisini. Tumekaa na wavuvi Katonga, tumekaa na wakamua mawese Simbo, tumekaa na kina mama wa chumvi Uvinza. Kiha, lugha yetu ya nyumbani, nacho kinapenya humo ndani, mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili anaimaliza nyumbani. Leo ukiuandikia mtambo wetu "ziwa linafunguliwa lini", unakuletea tangazo na tarehe yake juu kabisa.

Mtaniuliza, kwani kampuni kubwa haiwezi kufanya hivi? Inaweza, tena kwa wiki. Ila yenyewe inaishi kwa matangazo ya biashara, na mwanika dagaa si mtu ambaye wafanyabiashara wanagombania kumtangazia. Kazi yetu imepatikana kwenye pengo hilo.

4. Kwamba ofisi za umma zenyewe ndizo zinazotufungia

Hili siwabebeshi ninyi peke yenu. Lakini ninyi ndio mliopaswa kulisemea. Ratiba, bei elekezi, minada, tarehe za pembejeo, nafasi za kazi: karibu kila kinachomhusu mwananchi wa huku kinatoka kama picha ya karatasi yenye muhuri. Najua mtasema mashine za siku hizi zinasoma picha. Zinasoma, tunazo, tunazitumia. Zipe picha yenye kivuli na muhuri uliokaa juu ya tarehe, kisha mniambie zimesoma 15 au 16. Mvuvi akiingia ziwani siku moja kabla, nyavu zake zinakamatwa.

Inanishangaza kwamba karatasi ile ilichapwa kwenye kompyuta. Maandishi yalikuwepo. Yakachapishwa, yakagongwa muhuri, yakapigwa picha, na hapo yakafa. Ombi letu la kupewa yale maandishi kabla hayajafa ndilo mlilolijibu kwa "Manufaa?"

5. Kuhusu fomu

Kipengele cha saba kinasema mwombaji aeleze atakavyoishinda kampuni inayoongoza sokoni. Nilikaa nacho siku nne. Nikiandika kwamba tutaishinda, nimedanganya. Nikiandika kwamba hatutaishinda, nimekosa alama. Fundi cherehani wa Mwanga hajawahi kuulizwa na benki ataishindaje China.

Kipengele cha tisa kinataka hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, kwa mfuko unaojiita wa kampuni changa. Hilo naliacha kama lilivyo.

6. Visingizio ambavyo nimeshavisikia kwa mdomo

Kwamba akili mnemba imemaliza habari za kutafuta. Kijana wenu wa mapokezi aliniambia hivyo, kwa nia njema. Ni kweli tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 watu wengi huuliza badala ya kutafuta. Lakini nayo lazima ipate jibu mahali. Tarehe iliyo chini ya muhuri haijui, na mbaya zaidi inaweza kukutajia nyingine kwa ujasiri wote. Ikiwa maandishi ya Kiswahili ni machache kwa mtambo wa kutafutia, ni machache kwake pia.

Kwamba hii ni kazi ya wakubwa, si ya vijana wa mkoani. Sina la kusema hapo, ila Google ilianzishwa 1998 na wanafunzi wawili wa Stanford, wakati AltaVista na Yahoo ndizo zilizotamba. Sitaki kuutumia mfano huu kupita kiasi, maana zama zile hapakuwa na simu mfukoni wala mabilioni ya kuupangisha mlango. Mlango ulikuwa wazi. Sisi ndio tumeukuta umepangishwa.

Kwamba hakuna nchi inayotumia fedha za umma kwa jambo hili. Ipo. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulitoa euro milioni 8.5 kwa taasisi 14 zijenge faharasa ya wazi ya kurasa za mtandao, ghala ambalo kampuni yoyote ndogo inaweza kulitumia bila kuanza kukusanya dunia nzima upya. Kila tarehe 7 Julai sisi tunavaa fulana za Siku ya Kiswahili Duniani na kupiga picha. Baraza la Kiswahili tunalo tangu 1967. Ghala la namna hiyo kwa lugha yetu, lililo wazi kwa kila kijana, hatuna.

Tunachoomba

Kwanza, kila tangazo linalopita mikononi mwenu litolewe pia kama maandishi yanayonakilika, tarehe ya kuanza na ya kuisha zikiandikwa waziwazi. Picha yenye muhuri ibaki, hatuna ugomvi nayo.

Pili, mtupe gharama ya seva kwa mwaka mmoja, kwa kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye ombi. Kauntabuku zetu tutaziweka wazi kwa yeyote, hata kwa hiyo kampuni kubwa ikizitaka. Hili tuliliandika ukurasa wa nne. Wino mwekundu uliishia wa kwanza.

Tatu, kipengele cha saba kifutwe. Muulize mwombaji nani atatumia kitu chake, na amemwona wapi akikwama.

Nne, vifaa vinavyonunuliwa kwa fedha za umma. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 walipewa walimu, jambo jema sana. Vitakavyofuata, viwashwe mara ya kwanza vikimpa mtumiaji orodha ya mitambo ya kutafutia achague mwenyewe. Ulaya wamelifanya hilo kwenye simu za Android baada ya Google kutozwa faini nyingine mwaka 2018. Mwanzoni nafasi kwenye orodha ziliuzwa kwa mnada, jambo ambalo lilikuwa kichekesho, mpaka 2021 zikawa bure. Msianze na mnada.

Tano, suala la mikataba ya mlangoni, yaani ya kulipia mtambo mmoja ukae tayari kwenye simu, kama ipo kwenye simu zinazouzwa hapa nchini, mlifikishe Tume ya Ushindani iliangalie kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sisi watatu hatuna uwezo wa kuiona hiyo mikataba. Ninyi mnao.

Sita, tujibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, hata kama jibu ni hapana. Hapana yenye sababu tutaipokea. Nikilazimika kupanda tena treni nitapanda, na safari hii nitakuja na kauntabuku zote mbili, tukae mezani ukurasa kwa ukurasa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mmoja wa vijana watatu wa chumba cha nyuma ya duka la simu,
Mwanga, Kigoma.

Nakala: Ubao wa matangazo, mwalo wa Kibirizi (kwa maandishi makubwa, bila muhuri).